Picha Safi ya Kichwa cha Baba Yako

Nyakato, Musoma
Jumamosi mchana

Mwanangu Perusi,

Nakuandikia kabla hujaondoka, maana ukishaondoka sitaandika, najijua. Wewe na Mama Neema mmekwenda Butiama kumuaga mama yake, na mtarudi jioni. Kesho asubuhi unapanda basi. Nyumba imetulia, sanduku lako lipo hapa miguuni kwangu, na mimi nina mchana huu mmoja tu.

Mambo ya safari sitayagusa. Kufuli, sabuni, namna ya kukaa na wenzako bwenini, hayo mke wangu Mama Neema ameyasema wiki nzima mpaka siku hizi unamalizia sentensi zake. Mimi nina jambo moja, na nimechoka kulibeba. Jumanne tulipokwenda Mwigobero kukununulia dagaa wa kwenda nao, nilitaka kukwambia pale pale tulipokuwa tunapanda kutoka mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Nikafungua mdomo. Ukanitazama, ukasema, "Baba, una nini?" Nikakuuliza kama dagaa wamekauka vizuri. Ukanicheka, ukasema nimeshazeeka. Kwa hiyo naandika, kwa sababu karatasi hainitazami usoni.

Unajua kwamba mimi ni baba yako mdogo, na kwamba aliyekuzaa ni kaka yangu Magesa, aliyefariki ukiwa na miaka minne. Hilo hatukukuficha. Unajua pia, kwa sababu sisi ndio tuliokwambia, kwamba baada ya msiba mama yako Nyangeta aliamua kurudi kwao Bunda, na hakuuliza habari zako tena. Huo ni uongo. Hakuamua. Alifukuzwa, na mkono wangu umo katika kufukuzwa kwake. Soma mpaka mwisho ndipo unichukie, kama utataka kunichukia.

Nianzie kwenye kazi yangu, maana ndiyo unayokwenda kuisomea. Wewe umenikuta nimeshakuwa mtu wa kawaida, mzee wa eksirei mwenye koti lililopauka. Hukunijua wakati ule. Ilikuwa miaka ya dhiki, maduka yana rafu tupu, tunafulia majani ya mpapai, mtu akipata kipande cha sabuni anakificha kama dawa. Hospitalini kila kitu kilikuwa cha kubahatisha. Filamu zilikuja zilipotaka. Dawa ya kusafishia picha nilikuwaga naiongeza maji, siku baada ya siku, mpaka picha zinatoka za kijivu na mimi tu ndiye ninayeweza kusema mfupa uko wapi. Katika hali ile, mwenye ufunguo wa chumba cha eksirei alikuwa mtu mkubwa. Mjini waliniita Bwana Picha. Nikitoka nyumbani, wakati ule tulikaa Kitaji, watu wananisimamisha njiani kunionyesha magoti yao. Na mimi, Perusi, nilivimba kichwa. Sikuwa daktari, nilisomea miezi michache tu, lakini nilikuwa nikiinua filamu kwenye mwanga watu wananyamaza, na kunyamaza kwao nilikupenda sana.

Ndipo baba yako akaugua.

Alikuwa kijijini kwetu Majita. Aliamka asubuhi moja kwenda kuangalia nyavu, mkono wa kulia ukagoma, mdomo ukaenda upande, maneno yakamkatika. Mama yako na majirani wakamlaza ndani ya mtumbwi na kumleta mjini. Mimi nilikwenda kuwapokea Mwigobero. Nikamkuta kaka amelala chali juu ya nyavu, na alikuwa anaongea. Kwa shida, lakini anaongea. Aliniuliza, "Mafuru, umekula?" Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mtu amepooza nusu mwili na anakuuliza kama umekula.

Gari halikuwepo. Petroli ilikuwa ya kuota ndotoni. Tukamkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mimi nasukuma, mama yako amemshika kiuno. Hatujafika mbali, akanyamaza. Kichwa kikalegea. Mama yako akasema, "Shemeji, ndani ya mtumbwi alikuwa anaongea. Tumemkalisha, amenyamaza." Nikamwambia ni uchovu. Nilikuwa natoka jasho, sikutaka maneno.

Hospitalini mganga wa zamu alimpima akasema, "Alazwe, tumwangalie." Hakusema zaidi, na nadhani hakuwa na la zaidi. Lakini wazee wa ukoo walikuwa wameshafika nyuma yetu, wakiongozwa na Mzee Mugeta, kaka yake baba yetu, na wao hawakuja kumsikiliza mganga. Walikuja kunisikiliza mimi. "Wewe ndiye wetu humu ndani," Mzee Mugeta aliniambia. "Mpige picha tujue kilichomo kichwani." Filamu za kichwa zilikuwa zimebaki tatu. Hakuna aliyeniagiza. Nilimpiga kaka yangu picha kwa sababu wazee walikuwa wamesimama mlangoni wananingoja, na sikutaka waone kwamba kuna jambo Bwana Picha haliwezi.

Sasa sikiliza. Wewe baada ya wiki chache tu utafundishwa hili, na utashangaa kwamba mtu mzima alifanya kosa kama hili. Eksirei ya kichwa inaonyesha fuvu. Mfupa. Ubongo hauonekani, damu haionekani, mshipa ulioziba hauonekani hata kidogo. Mimi nilijua hivyo. Yaani nilikuwa nimeandika kwenye daftari nikiwa masomoni. Lakini nilipoinua ile filamu mbele ya dirisha, wazee sita wameinua shingo, nilisema, "Kichwa kizima. Picha ni safi. Hakuna kitu."

Ningesema, "Ninachotafuta hakionekani kwenye mashine hii," ningekuwa nimesema kweli. Nilisema hakuna. Kwa wazee, kama hospitali imetazama ndani ya kichwa na haikuona kitu, basi si ugonjwa wa hospitali. Walimchukua siku ile ile. Mganga alibisha, wakamwambia hata mtu wenu mwenyewe ameona ni safi. Mzee Mugeta akaomba ile filamu. Nikampa, aende nayo.

Nilipata ruhusa ya wiki moja nikawafuata Majita. Unajua kwetu mwanaume mwenye mji wake hapokei wageni akiwa amelala. Hata awe mgonjwa wa namna gani, watu wakija kumpa pole anakalishwa, anaegemezwa, anavishwa shati, wanamkuta yuko wima. Kulazwa chali mchana kweupe mbele ya watu ni kwa maiti. Na baba yako alipendwa. Wageni walikuja kutoka kila upande, watu wa kanisani, wavuvi wenzake, watu aliowahi kuwalimia bure. Kila walipokuja, alikalishwa.

Mama yako ndiye aliyekuwa naye muda wote, na ndiye aliyeona. Akilala, kidogo kidogo mkono unapata nguvu, maneno yanarudi, anakuita wewe jina lako, unakimbia unapanda kifuani kwake. Wageni wakija anainuliwa, na muda si muda mdomo unakwenda upande, anapotea. Wakiondoka akalazwa, anarudi. Aliona hivyo mara ya kwanza, akaona mara ya pili, ya tatu akaanza kusema. Alimwambia Mzee Mugeta kwa adabu, amepiga magoti, "Baba, naomba wageni wamsalimie akiwa amelala. Anaongeaga akilala." Mzee akamwangalia kana kwamba ametukana. Siku iliyofuata akasema tena, safari hii kwa sauti, mbele ya watu, na akashika miguu ya mumewe wasimwinue.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwanamke gani anang'ang'ania mume wake alazwe kama maiti wakati yu hai? Anamlaza kwa uchawi wa nani? Nani alimfundisha? Na kichwa kimepigwa picha hakina kitu. Mzee Mugeta aliitoa ile filamu, akaiinua kwenye jua, akawaonyesha watu wasiojua hata ipi ni juu ipi ni chini. "Mafuru mwenyewe amesema."

Mama yako akanigeukia. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Akasema, "Shemeji, wewe ni wa hospitali. Waambie."

Perusi, nimeyasema maneno yafuatayo kichwani mwangu miaka mingi kiasi kwamba yamechakaa. Nilisema, "Picha ni safi, shemeji. Kulala hakumtibu mtu."

Wala sikuwa na uhakika. Ndani nilikuwa nakumbuka mtumbwi na baiskeli. Lakini ningesema yeye yuko sahihi, ningekuwa nasema mimi sikuona kitu alichokiona mwanamke asiyejua kusoma, na hilo lilinishinda. Siku ile ile kikundi cha kanisa kilikuja, watu wengi, wakaimba, wakaomba, wakakaa. Baba yako aliwekwa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jua la alasiri. Alipolazwa hakurudi tena. Tulingoja. Mama yako alimkandakanda miguu, akamwita, akamwinulia miguu juu ya gunia la mihogo. Hakusema neno jingine mpaka anakufa, siku sita baadaye.

Baada ya mazishi wakamwambia aende kwao. Hawakumpiga, nashukuru hata kwa hilo, ona nilivyofika pa kushukuru. Wewe ulikuwa mtoto wa ukoo, ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa, ukabaki. Alipokuwa anafunga nguo zake alinitazama mara moja tu. Nilijifanya nahangaika na kiti kilichovunjika. Mwezi ule ule nikakuchukua nikakuleta mjini kwa Mama Neema, na watu wakanisifu kwa roho nzuri.

Karanga zile, Perusi, zinazokuja kila baada ya mavuno, ulizokuwa unazificha chini ya mto ukiwa mdogo. Tulikwambia zinatoka kwa shangazi wa Bunda. Huna shangazi Bunda.

Ningeweza kukwambia kwamba sikujua, na kwa miaka kadhaa hilo lilinisaidia kulala. Kisha mipaka ikafunguliwa, ruksa ikaja, maduka yakajaa vitu na mifuko ikawa mitupu, na katika hangaiko hilo hospitali ikapata nafasi ya kumpeleka mtu mmoja Nairobi miezi miwili akaone mashine mpya. Wakanipeleka mimi. Unakumbuka nilikuletea viatu vyekundu.

Kule niliwekwa kwenye chumba wanachopiga picha za mishipa ya kichwa. Wanaingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja, wanausukuma taratibu mpaka shingoni, wanapitisha dawa inayoonekana kwenye eksirei, halafu mashine inapiga filamu nyingi mfululizo ndani ya sekunde chache. Siku moja aliletwa mzee mmoja aliyepooza upande wa kulia, mdomo umekwenda upande. Nilitamani kutoka nje tangu nilipomwona. Daktari alikuwa mama wa makamo, mkali, anayependa kufundisha. Akapanga zile filamu kwenye taa ya kutazamia na kuniuliza naona nini.

Nikatazama ya kwanza. Upande mmoja wa kichwa mishipa imejaa, inaonekana mpaka vitawi vya mwisho. Upande mwingine mshipa mkubwa umekatika ghafla, mbele yake hakuna kitu, peupe. Nikasema, "Upande huu umekufa."

"Mbona una haraka?" akasema. "Sogea. Tazama ya tano. Tazama ya saba."

Nikasogea. Pale palipokuwa peupe, kwenye filamu za mwisho palianza kutokea vistari vyembamba, vinatoka juu, vinashuka kinyumenyume, vinajaa polepole. Damu ilikuwa imezibiwa njia kubwa, ikazungukia kwa majirani. Kama mvua ikikata barabara ya Majita, watu wanapita mashambani. Wanachelewa, wanafika na matope, lakini wanafika. Daktari akaniambia hicho ndicho wanachokipima: hizo njia za pembeni zimejaa kiasi gani, na zimechelewa kiasi gani. Kuna watu wanazo nyingi, kuna wengine hawana kabisa, na kwa sura huwezi kujua. Mwenye nazo, ubongo wake haujafa wote. Kuna sehemu imenyamaza tu, inangoja.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo atapona?"

"Sijasema atapona. Nimesema bado anangoja. Na njia hizi hazina nguvu, presha ikishuka kidogo zinashindwa." Halafu akamgeukia muuguzi, wala hakuwa ananiambia mimi, akasema, "Huyu alale chali. Asikalishwe, hata ndugu wakija."

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi. Muuguzi mmoja alinifuata na maji akidhani harufu ya dawa imenishinda. Nililia pale, mwanaume mwenye kitambulisho cha hospitali shingoni. Mama yako alikuwa amesema maneno yale yale, karibu neno kwa neno, akiwa amepiga magoti kwenye vumbi la Majita, bila mashine, bila filamu hata moja. Alimtazama tu mtu wake na kuona anavyokwenda na kurudi.

Siku iliyofuata nilimsimulia yule daktari habari za kaka yangu, nikijifanya ni mgonjwa fulani tu. Nilitaka aniambie kwamba angekufa vyovyote. Akasema, "Huenda angekufa. Huenda asingekufa. Bila kumwona hakuna anayeweza kukwambia, na mimi sitakudanganya." Nimeishi na jibu hilo. Lingekuwa la upande mmoja ningepumzika.

Nilirudi, na hapa ndipo kosa la pili, ambalo nadhani ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nilikuwa kijana mwenye kiburi. La pili nilikuwa mtu mzima anayejua kila kitu. Nilikwenda Bunda. Nilimkuta mama yako uani kwa kaka yake, anachambua pamba. Alisimama, akanipa kigoda, akanipikia chai. Akaniuliza swali moja, "Mtoto anakula vizuri?" Nikasema anakula. Akaniuliza unafanana na nani. Nikasema na baba yako, na meno ni ya kwake mwenyewe. Akatabasamu akiangalia chini. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, Perusi, yamepangwa tangu Nairobi. Nikanywa chai nikaaga. Kwenye basi nilijiambia nitasema mara nyingine, mtoto akikua kidogo, Mzee Mugeta akifa, mambo yakitulia. Mambo yalikuwa yametulia. Hiyo ndiyo shida yake, yanatulia hivyo hivyo yalivyokosewa, na watu wanakula, wanalala, wanakwenda kanisani.

Mwaka huu ulisimama kanisani siku ya kuwaombea wanaokwenda masomoni, ukasema unataka kufanya kazi ya picha kwa sababu ya baba yako Mafuru, ambaye hajawahi kumdanganya mgonjwa. Watu wakapiga makofi. Roho ilinisuta mpaka nikashindwa kusimama kwa wimbo. Tulipofika nyumbani nilimwambia Mama Neema kila kitu. Yeye pia alikuwa anajua uongo wetu kwako, lakini habari za mtumbwi na Nairobi hakuzijua. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu aliweka ugali mezani akasema, "Utakwenda Bunda mwenyewe au niende mimi?"

Nilikwenda. Nilimwomba aite kaka zake, nikasema mbele yao wote, nimesimama. Nikasema Nyangeta aliona sawasawa, na mimi niliona kwamba anaona sawasawa, na nikamkana. Kaka yake mmoja aliinuka akatoka nje, nilisikia anapiga teke ndoo. Mama yako hakulia. Alisema, "Mimi nilijua. Sikuhitaji kuambiwa, nilijua. Nilitaka tu mtu mmoja wa kule aseme." Kisha akaniuliza kama wewe umeambiwa. Nikasema bado. Akasema, "Basi mwambie kabla hajaondoka. Asije akakutana na mimi huku anafikiri nilimtupa."

Kutoka hapo nilikwenda Majita kwa Mzee Mugeta. Siku hizi haoni. Nilimweleza kila kitu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mbona ni wewe uliyetuonyesha picha?" Alimwagiza mjukuu wake afungue kasha, akanirudishia ile filamu, ameihifadhi kwenye kitambaa miaka yote. Nilitaka uende nayo chuoni. Mama Neema akasema nisikufanyie ukatili huo, na nadhani yeye ndiye mwenye akili humu ndani. Kabla sijaondoka, Mzee alisema mbele ya wanawe kwamba mke wa Magesa akitaka kuja kuliona kaburi, mlango upo wazi. Ni kidogo. Ni kidogo sana, na kimechelewa, najua.

Sina mahubiri, nimechoka, na wewe una akili kuliko mimi wakati ule. Ila utakapokuwa umeinua filamu na watu wamekuzunguka wanakungoja, utausikia ule utamu. Utausikia tu, hauna mtu usiyempata. Siku hiyo, kama hukuona, sema hukuona, hata kama walimu wako wamesimama hapo. Na mgonjwa akiletwa, mtafute aliyekuwa naye usiku na mchana, hata awe hajui kushika kalamu, mwulize ameona nini. Mwulize kabla hujawasha mashine.

Sasa ya kesho. Tiketi iliyoko juu ya sanduku lako inaishia Bunda. Ya kutoka Bunda kwenda Mwanza ni ya Jumanne, na treni yako ni Jumatano. Nimekupangia tena bila kukuuliza, ndiyo tabia yangu, unaijua. Lakini nimeongea na kondakta, ukitaka kupitiliza atakupeleka mpaka Mwanza, na hakuna atakayekulaumu, hata yeye mama yako. Nilimwambia aje akungoje stendi. Alikataa. Alisema, "Nikisimama pale atakosa pa kukimbilia. Ashuke mwenyewe akitaka."

Utakaporudi likizo sitakuuliza utaniitaje. Baba, baba mdogo, Mafuru, nitaitika. Ndiyo maana chini ya barua hii naweka jina langu tupu.

Ukishuka, nyumba si ngumu kuipata. Iko nyuma ya kinu cha pamba, ina mlango wa bati. Usimwulizie Nyangeta, jina hilo pale wengi hawalijui. Waulize kwa Mama Perusi. Ndivyo wanavyomwita mtaani miaka yote hii, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona huyo Perusi.

Mafuru